Chetezo cha Bi Ghadir

Jini haji na ngoma, wala habishi hodi. Huja na kijambo kidogo cha kuudhi, ambacho mwenye shughuli zake hukisogeza pembeni akaendelea na kazi. Kwa Harusi kijambo hicho kilikuwa pete. Alikuwa uani anaosha mchele, Ijumaa asubuhi, akaona pete yake ya ndoa imeingia doa jeupe. Akaisugua kwa ndimu na majivu. Doa halikutoka, na kufika wakati wa kuteleka wali pete nzima ilikuwa imepauka, utadhani imetengenezwa kwa bati.

Harusi hakuwa mwanamke wa kushtuka ovyo. Alicheka, akamwonyesha mumewe, akamtania kwamba kumbe miaka yote hii amekaa kwenye ndoa ya bati. Saud hakucheka. Alikuwa mnunuzi wa dhahabu, na kwa mnunuzi wa dhahabu maneno kama hayo si utani, ni tusi. Aliivua pete kidoleni mwa mkewe, akavaa kofia yake, akatoka. Alimkuta sonara aliyemuuzia amekaa dukani kwake na wateja, na bila hata salamu akachukua jiwe la mizani akampiga nalo mdomoni. Sonara alipoanguka Saud alimwinamia akaendelea kumpiga palepale pa mdomo, polepole, kama mtu anayetwanga, mpaka watu watatu wakamng'oa. Meno ya yule mzee yaliokotwa chini ya meza.

Hapo ndipo mtaa ulipopaswa kuuliza. Saud huyo ni yule yule ambaye hata mbuzi wa jirani akila nguo zake kambani alikuwa akimfukuza kwa kumbembeleza. Lakini mtaa huo wa Ngamiani una majibu yake tayari. Watu walisema ni zile hasira za Kimanga za ukoo wao, kila mmoja akarudi kwenye kahawa yake.

Sasa tuseme kidogo kuhusu hiyo dhahabu. Mashamba ya minazi ya babu yake Saud yaliisha kwa mirathi, kikabaki kijumba cha Ngamiani na jina, naye Saud akaingia katika biashara ya kununua kwa wachimbaji wadogo wa huko milimani. Wachimbaji hao husaga mawe, wakaosha tope, wakalimiminia zebaki, na zebaki hukamata punje za dhahabu na kuzifanya bonge la kijivu. Bonge hilo lazima lichomwe, zebaki iruke na moshi, ibaki dhahabu ya njano. Wanunuzi wengi huchukua dhahabu iliyokwisha kuchomwa. Saud alipenda kununua mabonge mabichi na kuchoma mwenyewe, ili asidanganywe.

Na alichoma kwa adabu. Bibi yake, marehemu Bi Ghadir, alikuwa akisema kwamba kitu chochote kilichotolewa ardhini kina mwenyewe, na mwenyewe asipokaribishwa kwa ubani huja kudai. Basi Saud alikitoa chetezo cha bibi huyo, cha udongo, kipana, cha kushika makaa ya kutosha, akawa anaweka bonge kwenye upawa wa chuma juu ya makaa, anatia ubani na udi, kisha anafunga mlango na madirisha ya kile chumba cha nyuma ili harufu isipotee bure. Harusi naye hakuwa mwanamke wa kuacha moto mzuri uzimike. Mumewe akimaliza, yeye hupindua tenga la fito juu ya chetezo, akatandaza nguo zikafukizika: kanga zake, kanzu za Saud, magauni ya Bayan. Hakukuwa na nyumba iliyonukia mtaani kama ile. Wapita njia walikuwa wakipunguza mwendo dirishani.

Baada ya habari ya sonara, mikono ya Saud ikaanza kutetemeka. Kahawa ikawa inamwagika kabla haijafika mdomoni. Vifungo vya shati vikamshinda, Harusi akawa anamfungia. Kila chakula alisema kina ladha ya msumari. Fizi zilimvimba zikatoa damu, mate yakamchuruzika mpaka akawa hatembei bila leso. Mtu wa baraza, mtu wa bao na maskhara, sasa akisikia hodi anajibanza nyuma ya mlango na kumwomba mkewe aseme hayupo, na wageni wakishaondoka anamgeukia, macho yamemwiva, anauliza nani aliyewaita. Siku moja alimtazama toka kichwani hadi miguuni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Kikulacho ki nguoni mwako." Harusi alikwenda jikoni akafungua redio, akalia ndani ya kelele za redio ili mtoto asisikie.

Mtoto mwenyewe ni Bayan, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Harusi alimpata baada ya mimba mbili kuharibika. Mume aliweza kumvumilia, matusi aliweza kuyameza, hata kupigwa, Mungu amsamehe, alikuwa ameanza kukuzoea. Ila Bayan asiguswe. Hilo ndilo alilokuwa akimwomba Mola kila akiinua mikono, na hakuomba jingine.

Kisha kukaja sauti. Majini wengine husubiri giza, lakini huyu alikuwa jini wa adhuhuri. Watu wakishaswali, jua limesimama utosini na mtaa umenyamaza, Harusi alisikia kitu kikitembea ndani ya chumba cha nyuma, mlango umefungwa, kitu kama choroko zinazomiminwa kwenye sinia, chache chache, zinatulia, zinamiminwa tena. Akifungua, hamna mtu. Chetezo kimekaa katikati ya chumba, na akikigusa ni cha moto, ingawa siku hiyo hakuna aliyewasha.

Siku moja ya namna hiyo Timotheo alikuja na bonge. Timotheo alikuwa mchimbaji kutoka huko juu nyuma ya Amani, Mlutheri mpole, muuzaji wao wa siku nyingi. Harusi alimkaribisha kahawa, na alipoona kikombe kinacheza mkononi mwake akakitazama kwa woga, maana ulikuwa mchezo uleule wa mikono ya Saud. Timotheo yeye alikuwa anatazama pete, ambayo Harusi alikuwa ameirudisha kidoleni hivyo hivyo na weupe wake. Kisha akatazama chumba cha nyuma.

"Shemeji, mnachomea humu ndani?"

Harusi akasema ndiyo, na ubani juu, kama inavyostahili.

"Sisi huchomea nje, mgongo kwenye upepo," Timotheo alisema. "Na bado alimchukua mdogo wangu Luka. Tulimfunga kwenye mti maana alikuwa anamtafuta mkewe kwa panga. Alikufa akitetemeka, anaomba moto."

Harusi akamuuliza ni nani aliyemchukua. Timotheo alijibu, "Mwenyewe," akaweka bonge mezani, akaenda zake bila kumaliza kahawa wala kungoja malipo.

Siku mbili tatu baadaye paka akacheza. Alikuwa paka jike, mzee, aliyependa kulala kando ya chetezo kwa ajili ya joto. Mchana ule alitoka uani akizunguka, anaanguka upande, anainuka, anazunguka tena, halafu akaanza kuupiga ukuta kwa kichwa chake, na kila akipiga anarudi nyuma kidogo kama mtu anayejipima, mpaka chokaa ikawa nyekundu na jicho moja likamtoka, kisha akatulia, akatazama seredani iliyokuwa inawaka, akaingia ndani ya makaa kwa miguu yake mwenyewe na kukaa humo bila kulia. Bayan alikuwa amesimama mlangoni. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba amemvuta, na mama yake alipomuuliza nani, akajibu, "Yule mweupe wa kwenye chetezo."

Harusi sasa aliogopa kweli. Akamwita Muntasir, mdogo wake Saud, muuza vipuri vya baiskeli, kijana mwenye nguvu. Alitaka wamshike Saud wampeleke hospitali. Muntasir alimshika kaka yake bega kwa upole, na Saud akaukamata ule mkono, akauweka juu ya kizingiti cha dirisha, akaukunja kama anavyokunjwa muwa, na uso wake haukuwa na hasira yoyote. Mfupa ulilia. Muntasir akiwa sakafuni anatapika kwa maumivu, Saud alifumbua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa ya Saud, ilikuwa nzito, ya kukwaruza.

"Leteni chetezo. Nasikia baridi."

Harusi alikileta. Alitia makaa, akatia ubani, na mumewe akakiinamia akavuta pumzi ndefu mpaka mabega yakamshuka, akalala palepale. Basi Harusi akadhani amepata dawa. Tangu siku hiyo kila Saud akichafuka alimletea chetezo, naye anatulia. Na kila akiamka anaamka mbaya zaidi. Hospitali ikawekwa kando. Muntasir, mkono umefungwa plasta, alisema mwenye jini akichomwa sindano hufa hapo hapo, kila mtu anajua. Wangemwita Mzee Uweso wa Muheza.

Mzee Uweso hakuwa tapeli. Alipunga majini tangu ujana wake, na watu aliowaponya walikuwa hai na kusalimiana naye njiani. Alifika kabla ya adhuhuri, Harusi akampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akazitazama fizi za Saud, akaitazama pete. Alisema huyu ni mwenye dhahabu, amekaribishwa vizuri mno, amekaa. Mgeni hutolewa kwa mlango alioingilia, kwa hiyo atafukizwa kwa chetezo kilekile, na lile bonge la mwisho la Timotheo litarudishwa motoni liwe haki yake, asiwe na dai. Harusi alikubali yote. Alikoleza makaa kwa mkono wake mwenyewe.

Walifunga mlango na madirisha. Saud alikalishwa kwenye kigoda, chetezo kati ya miguu yake, akafunikwa shuka jeupe mpaka chini. Uweso akaliweka bonge kwenye makaa, akatia ubani, akaanza kusoma. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye pindo za shuka. Harusi alisikia ulimi wake mwenyewe umekuwa na ladha ya msumari.

"Weye nani?" Uweso aliuliza. "Watoka wapi?"

Zile choroko zikaanza kumiminwa, safari hii ndani ya shuka, na shuka likaanza kuinuka kidogo kidogo, si pale kilipo kichwa cha Saud bali kando yake, likainuka mpaka likasimama juu ya vichwa viwili, cha Saud na kingine kirefu zaidi kisicho na pua wala kidevu, ambacho kila shuka lilipokigusa kilibadilika umbo kikatiririka na kujikusanya upya, na Muntasir akasoma shahada kwa kunong'ona, na Uweso, ambaye amewahi kuona mengi, akasogea nyuma hatua moja.

"Wataka nini?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Makaa."

"Na nini tena?"

"Mtoto. Nimeshaanza naye. Mleteni nimalize."

Uweso alimgeukia Harusi, akamnong'oneza kwamba asiogope. Kama jini anakalia viti viwili hatatoka kwenye kimoja akaacha kingine. Aletwe mtoto, afunikwe pamoja na baba yake, watolewe kwa mara moja. Muntasir alikwishatoka kumfuata. Alirudi akimshika Bayan mkono, na Harusi, kwa mara ya kwanza, alijilazimisha kumtazama mwanawe. Vidole vya mtoto vilikuwa vinacheza. Mate yalikuwa yanang'aa kwenye kidevu chake. Alikuwa ameviona hivi tangu wiki iliyopita, akajiambia ni meno yanabadilika.

Hapo akili yake ikamfunguka, na iliuma kufunguka. Mgeni anayeaga haombi kuongezwa wali. Huyu kila akifukizwa anashiba, na anayempakulia ni yeye Harusi. Wachimbaji wanamkimbia, wanampa mgongo na upepo. Wao wamemfungia madirisha ili wamvute vizuri pamoja na ubani, na nguo za mtoto wakazitandaza juu yake.

"Mtoto haingii humo," alisema.

Alikuwa amechelewa. Mkono wa Saud ulitoka chini ya shuka ukamkamata Bayan nywele za msuko ukamvuta ndani. Uweso alijitupa kumshika miguu, na kichwa cha Saud kikachomoza kwenye pindo, kikamng'ata sikio, kikalivuta mpaka likakatika, kikalitema kwenye makaa, likakaangika humo pamoja na ubani. Muntasir alipigwa teke la kifua akagonga ukuta. Harusi alikimbilia uani akarudi na mchi wa kinu. Aliupiga mkono wa mumewe, mkono uliomvisha pete, akaupiga tena, akausikia ukivunjika na vidole havikuachia nywele, na ndani ya shuka kulikuwa na kicheko cha sauti mbili na chini ya kicheko kikohozi cha mtoto kinachopungua, kinachopungua, ndipo akainua mchi juu ya kichwa chake kwa nguvu zote za mimba mbili zilizoharibika na moja iliyosalimika, akaushusha, si juu ya Saud, juu ya chetezo.

Kilipasuka kama fuvu. Makaa yaliruka, shuka likashika moto. Na kutoka kwenye nyufa za ule udongo wa zamani, kutoka kwenye majivu, zebaki ikatoka, matone meupe, mazima, yakitimka sakafuni na kukimbiliana, yakiungana, yakielekea kwenye miguu ya Bayan. Harusi alimnyakua mtoto, akalipiga dirisha kwa mchi likafunguka na mbao zake, akafungua mlango kwa bega. Upepo wa mchana ukaingia. Saud alianguka ubavu, akatetemeka mwili mzima, damu inamtoka fizini, kisha akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile aliyokuwa akimfukuzia mbuzi, kwamba amechoka, na amwombee radhi kwa sonara.

Uweso, sikio limefungwa kilemba, alikusanya vigae akaenda kuvizika mbali, akasema ametoka. Daktari wa hospitali alisema ni moshi wa zebaki, umeingia kwenye damu na ubongo wa baba na mtoto; kutetemeka kutapungua, hasira zitapungua, kwa Saud pengine hazitaisha. Sindano alichomwa, na hakufa. Harusi aliwaamini wote wawili, mganga na daktari, maana aliona kwa macho yake walichosema wote wawili. Daktari alimwagiza ahame nyumba ile na aache vyote vilivyokuwa kwenye chumba kile. Aliacha godoro, mapazia, viti, mkeka wa Bi Ghadir. Saud alibaki chini ya uangalizi wa Muntasir, anafungiwa vifungo na kulia bila sababu, naye Harusi akamchukua Bayan wakaenda Kigombe kwa mama yake. Alibeba sanduku la nguo tu. Nguo hazikuwa za chumba kile. Zilikuwa za kabatini.

Kigombe mtoto alipona. Alikula, akanenepa, akaandika jina lake kwa herufi zilizosimama wima, na bibi yake kwa furaha akauza mbuzi akamnunulia vipuli vya dhahabu. Harusi alivikagua kila siku bila kumwambia mtu. Vilikuwa vya njano, vya kupendeza, na usingizi wake ukaanza kurudi.

Siku ya Idi alifungua sanduku. Lile gauni la kijani la Bayan lilikuwa limekunjwa vizuri, na harufu ya ubani ikajaa chumba kizima, harufu ya siku njema za nyumba yao, mpaka Harusi akatokwa na machozi ya kuikumbuka. Alimvisha. Watu walimsifia mtoto kwa kunukia. Bayan alilipenda gauni lile hata akakataa kulivua, akalala nalo, kesho yake akashinda nalo, na mama yake akamwacha, maana ameteseka, na Idi ni ya watoto.

Adhuhuri ya siku ya tatu Harusi alikuwa uani anaosha mchele. Jua lilikuwa kali, kuku wamejificha kivulini. Alisikia choroko zikimiminwa kwenye sinia, chache chache, akamwuliza mama yake kama anachagua choroko. Mama yake alikuwa amelala barazani.

Aliingia ndani. Bayan alikuwa amekaa kitandani na gauni lake la kijani, magoti yamegusa kidevu, meno yanagongana kwenye joto lile. Vipuli masikioni mwake vilikuwa vyeupe. Alimwinulia mama yake uso taratibu, mate yanamchuruzika, na sauti iliyotoka kwenye kile kifua kidogo ilikuwa nzito, ya kukwaruza.

"Leteni chetezo," ilisema. "Nasikia baridi."